Umepotelewa na Nini?

Chepkitale, saa moja asubuhi. Umande umeganda nyasini,
unavunjika kama vigae chini ya buti zangu mpya.
Pumzi naihesabu. Moyo unabisha masikioni.

Naibei akachomoza ukunguni
na buti zake za mpira, moja kijani, moja nyeusi,
ng'ombe kumi na mmoja mbele yake.
Salamu baadaye. Aliuliza:
"Umepotelewa na ng'ombe?"
"La."
"Mbuzi?"
"La."
Akanitazama, akautazama mlima,
akafungua kibuyu.

Maziwa ya mkaa, machachu, baridi hadi mzizi wa jino.
Nikanywa nimesimama.

Kileleni sikufika.
Alasiri nzima tulimsaka ndama wake mwekundu,
na nilipomwona pangoni, akilamba ukuta wa chumvi,
nilipiga ukelele
kama mwenye mali.