Wageni Kumi na Mmoja kwa Siku

Wageni kumi na mmoja kwa siku.
Wanne ni mimi, nikijichungulia kwa simu
kwenye foleni ya kliniki ya Al Khoud.
Mmoja ni dada yangu Shinuna, aliyeko Sur,
anayebonyeza kwa kunionea huruma.
Waliobaki siwajui, Mungu awape kheri.

Miaka thelathini nimesoma mita za maji za watu,
nikipiga hodi milango ya Seeb na Mabela.
Pensheni ilipokuja nikageukia makufuli:
la Nizwa lenye ulimi wa shaba,
la Bahla lililomeza ufunguo wake,
la duka la mchele la Matrah, zito kama jiwe la mizani.
Mia moja na kumi na mawili, chini ya kitanda,
na Raya mke wangu analala juu yake
akisema, "Nimeolewa na bohari."

Mpwa wangu Azzan ndiye aliyenifungulia tovuti.
"Mjomba," aliniambia, "kizuri chajiuza
ni methali ya watu wasio na washindani."
Nikakaa usiku mmoja, kiyoyozi kikinguruma,
nikatunga tangazo:

    Njooni wenye funguo, zilizokosa majumba,
    Za sanduku zenye nguo, za milango na za chumba,
    Hapa yapo machaguo, makufuli ya kutamba,
    Kutazama ni bwerere, Thuwaini nawaomba.

Nikahesabu mizani kwa vidole. Ilitimia.
Azzan akasoma, akakuna kidevu.
"Mistari mitatu imezidi," akasema.
"Na hiyo bwerere, mjomba, itatuua."

Akaweka matangazo ya wenyewe.
Asubuhi, chini ya kufuli la Bahla,
dawa ya kuotesha nywele.
Chini ya la Matrah, kitasa cha kisasa
kinachofunguka kwa kidole, ufunguo hakina,
punguzo asilimia arobaini.
Nimemkaribisha sebuleni mgeni anayenicheka,
na ananilipa baisa tatu kila anaponicheka.

Miezi saba: riali mbili na baisa mia sita.
Hazitoki mpaka zifike thelathini.
Raya kapiga hesabu nyuma ya risiti ya samaki:
nitalipwa nikitimiza sabini na mbili,
tukiuacha umeme nje ya hesabu.

Kisha Jumatatu, ujumbe. Salha, muuguzi, Sharja.
Ana ufunguo wa marehemu mama yake,
mrefu kama kalamu, meno matatu, moja limelika.
Kasha lenyewe waliliuza zamani, wakapata nauli.
Hakuuliza bei. Aliuliza:
"Waweza kujua ulikuwa ukifungua nini?"

Ukaja kwa posta, umefungwa ndani ya soksi ya mtoto.
Usiku ule niliyajaribu yote.
Nimekaa sakafuni, Raya akinimulikia kwa simu,
kwanza kwa kununa, kisha kwa kuhesabu:
"Sitini na nane. Hapana. Sitini na tisa."
Kwenye la tisini na moja ukaingia,
ukazunguka nusu, ukasita.
Nusu tu. Raya akasema, "Mafuta."
Nikatia mafuta. Nusu ile ile.

Nikamwandikia Salha: silo lake,
lakini fundi ni mmoja,
au ni mafundi waliokula sahani moja.
Akanitumia riali tano bila kuombwa,
karibu mara mbili ya walichonipa walimwengu wote.
Sijazitumia. Azzan anataka zilipie tangazo.
Raya anataka pazia.

Leo wageni ni kumi na wawili.
Nimeshika simu kwenye foleni ya kliniki,
namba yangu imeitwa, sijainuka.
Huyu wa kumi na mbili
ana dakika arobaini kwenye picha ya tisini na moja,
na mimi sijagusa kitu.