Ngozi ya Chewa, Ngozi ya Ndama

Torbjørg huleta ngozi za chewa kwa ndoo ya barafu
kutoka kiwandani Kvaløya, saa mbili asubuhi,
na nje ni usiku, utabaki usiku mpaka Januari.
"Friji ya nini?" hutania. "Fungua dirisha."

Mimi huzikwangua magamba, huzilowesha katika siki.
Siku ya tatu ngozi husahau kuwa ilikuwa ngozi,
inakuwa ute tu,
uzi usioonekana ukielea.

Uzi huo ni nyuzi tatu zilizosokotwa
kama za msuka kamba gizani, mkono ukijua njia.
Wa ndama nao ni tatu, msokoto uleule,
umepinda upande uleule.
Wanatofautiana kwa vifundo:
ndama, mwenye moto wake kifuani, amefunga vingi;
chewa, mkazi wa maji ya nyuzi nne,
hakuona sababu.

Jumatatu nilimwacha chewa peke yake
kabatini, nyuzi thelathini na saba,
joto la mwili wa mtu.
Niliporudi nilikuta mchuzi.
Torbjørg akainua bilauri kwenye taa:
"Bibi yangu angetia viazi."

Jumatano tukawachanganya, chewa mmoja kwa ndama watatu.
Niliogopa watajitenga,
kila damu itafute damu yake.
Nyekundu nimempaka ndama, kijani chewa,
jicho kwenye darubini, pumzi nimeibana.

Njano.
Ndani ya uzi mmoja, njano,
mwenye vifundo akimshika asiye navyo.

Si kote. Pembeni palibaki kijani kitupu,
kimeshaanza kulegea; hapo ndipo kamba ingekatikia.
Na fungu lile tulilolikata ncha kwa kimeng'enya,
vijincha vifupi visivyosokotwa, nilivyodhani ni mabaki,
lilichelewa saa nzima kushikana,
kana kwamba tumewanyima vidole
kisha tukawaambia wasalimiane.

Torbjørg akavua glavu ili arekebishe lenzi.
Mkono wa kushoto: mafuta ya moto, jikoni mwa meli,
zamani, kabla hatujajuana.
Walimpandikizia ngozi ya paja lake mwenyewe.
Aliutazama mkono, akatazama ile njano.
"Hata hii," akasema, "hatukuelewana upesi."

Akachukua ndoo yake tupu.
Kesho tunajaribu mmoja kwa watano.