Chini ya Jiko

Mzee Pang, muuza tofu wa Pingyao,
alikuja na swali moja tu: nimwandikie binti?
Miaka tisa hawajasemezana,
tangu maziko ya mama yake.

Akarusha sarafu tatu, nikachora kuanzia chini:
mstari uliokatika, mzima, uliokatika. Maji.
Mrusho wa nne, mbili zikalala zikionyesha maandishi;
ya tatu ikabingirika, ikazama chini ya jiko la makaa.

Akapiga magoti, akaikokota kwa koleo,
ikatoka na majivu, kiganja chake juu yake.
"Maandishi," akasema. "Niliona."
Mimi sikuona. Wala yeye.

Nikachora alivyosema. Mistari miwili ya mwisho
ikakamilisha mlima juu ya maji:
chemchemi changa, haijui njia.
Lakini maandishi matatu ni mstari usiotulia;
ukigeuka, mlima huwa moto,
moto hupanda, maji hushuka,
kila kimoja na safari yake,
na mto bado haujavukwa.

Sikumwambia hili:
ingelala upande mtupu, moto ungekuwapo vilevile,
tangu mwanzo, bila mlima.
Mlima aliuweka yeye, kwa kidole chenye masizi.

"Inasema nini?"
Tofu yake ilikuwa ikipoa ndooni.

Nikamuuliza anwani ya binti.
Akaitaja yote kwa pumzi moja,
mtaa, ghorofa,
hadi namba ya mlango.