Chumvi ya Tatu

Ulimi wangu ulijua kabla ya hospitali.
Tandika, mwezi wa kwanza, mabati yanawaka,
kila nikikubusu paji
midomo inarudi na chumvi.
Wifi akasema: humwogeshi vizuri.

Ukakohoa. Wakatupa dawa za kifua kikuu,
miezi sita, kisha sita tena,
kadi ikajaa mihuri,
mkojo wako ukageuka rangi ya chungwa
na kikohozi hakikuhama.
Na ulikula, mwanangu! Ulimaliza sahani ya kaka zako
ukabaki mbavu;
chakula kilipita kama mpangaji anayehama usiku,
kikaacha mafuta tu, yakielea chooni.

Muhimbili, Dokta Nditi aliweka faili pembeni,
akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza:
"Ukimbusu, ana ladha gani?"
Nililia kabla sijajibu.

Akachora mlango nyuma ya karatasi ya vipimo.
Kila seli, alisema, ina mlango wa chumvi,
na wa Tatu umekwama.
Maji hayapiti, basi ute unaganda kifuani
kama mlenda uliolala,
vijidudu vinahamia humo na kujenga,
na kongosho limeziba, halitoi kile cha kuyeyusha chakula.
Ufunguo mbovu mmoja wa baba,
mmoja wangu.
Sisi wazima, tuliubeba bila kujua.
Siku hiyo wifi hakusema kitu.

Sasa alfajiri unalala mapajani, kichwa chini,
nami nakunja kiganja, napiga mgongo,
pa, pa, pa,
hadi jirani agonge ukuta:
"Mama Tatu, mtoto kakosa nini asubuhi yote hii?"
Hajakosa. Nazibua kifua.

Bibi yako wa presha kakatazwa chumvi;
wewe umeandikiwa uzidishiwe.
Muuza maembe mabichi langoni mwa shule keshakuzoea,
anakuchotea kijiko cha pili bila kuulizwa.

Mtu mzima tunasema kala chumvi nyingi.
Wewe una miaka tisa
na chumvi inakutoroka kwa kila kitundu cha ngozi.
Basi chovya embe. Chovya tena.
Miaka mingapi, daktari hakunitajia,
nami nilijifanya natafuta nauli kwenye pochi.

Haya, geuka. Ubavu wa kushoto.
Vuta pumzi.
Kohoa.