Namba Zilezile

Tulivinunua siku moja, duka moja, Suonenjoki,
visahani viwili vya rangi ya machungwa,
gramu mia na sabini na mbili kila kimoja,
na mgongoni namba nne zilezile:
saba ya mwendo, tano ya kuelea,
hasi moja ya kugeuka kulia,
mbili ya kurudi kushoto.
Ilmo muuza duka akavigonganisha
kama mtu anayejaribu sufuria.
"Mapacha," akasema. Ilmo si mwongo,
ila huamini kila kilichoandikwa.

Jalmari, kaka yangu, alikirusha chake
kila jioni ya kiangazi, miaka tisa.
Kikagonga misonobari, kikagonga mibetula,
kikalamba mwamba wa njia ya nne,
kikalala wiki nzima chini ya theluji ya Aprili.
Ukingo ukalika, ukaota vinyuzi;
ukiupitisha kidole unakwaruza
kama kidevu cha mtu aliyeamkia zamu.

Changu kililala kwenye buti la gari.
Nilikuwa na kiwanda cha mbao, kisha mtoto,
kisha mgongo.

Gofu ya visahani ina lugha yake ya kusengenya.
Hiki kikaidi, wanasema: hata ukikiinamishia kulia
kitanyanyuka, kitakumbuka kwao,
kitaanguka kushoto kwa kishindo.
Kile kilegevu: hakijafika nusu ya njia
kimeshakubaliana na upepo.
Kinyofu ni kile unachokisifia ukiwa nacho
na kukilaumu ukiwa nacho.
(Shangazi Kerttu hutumia mkono wa kushoto.
Kwake yote haya ni kinyume,
na hucheka peke yake.)

Bado hujauliza plastiki gani.
Ya bei rahisi huchoka kwa msimu mmoja,
ya bei ghali hukataa kuzeeka.
Bado hujauliza kama mgongo wake umetuna
au umelala bapa, kimetoka kundi la mwaka gani,
kama leo ni baridi, kama upepo unakuja usoni,
maana upepo wa usoni
humlegeza hata aliyejiona mgumu.
Wasemao tabia ni ngozi
hawajaishi na plastiki.

Jumapili ya Septemba, njia ya saba,
ile inayopinda kulia nyuma ya ghala la stroberi.
Jalmari amekaa benchini, bega limeshonwa,
chupa ya kahawa katikati ya magoti.
"Rusha vyote viwili," anasema. "Mkono mmoja, nguvu moja."

Nikarusha changu.
Kikaenda wima kama barua ya serikali,
kikafika kwenye kona, kikaitazama,
kikapinda kushoto, kikazama
kwenye magugu yawashayo.

Nikarusha chake.
Kikaondoka polepole, kikaegemea kulia,
kikazidi kuegemea, nikasema basi, kimekwenda,
kumbe kinaizunguka ghala kana kwamba
kimewahi kufanya kazi humo.
Hatukukiona tena. Tulisikia minyororo ya kikapu
ikitikisika mara moja, kidogo, pembeni.

"Namba zilezile," Jalmari akasema,
akacheka, akalishika bega.

Nikaingia kwenye magugu kwa suruali fupi.
Dakika ishirini. Miguu ikawaka moto.
Nilipokipata kilikuwa chali,
na tumboni mwake, kwa wino mweusi usiofutika,
mwandiko wa Jalmari wa miaka tisa iliyopita:
simu ya nyumbani kwa mama,
ili atakayekiokota apige.
Chake nacho kina namba hiyo, imebaki nusu,
nusu nyingine imeliwa na mwamba.

Laini ile ilikatwa tangu tulipouza nyumba.
Nilisimama naikariri hata hivyo,
tarakimu kwa tarakimu,
mpaka kaka akaita kutoka benchini
kuuliza kama nimekipata.
Nikamjibu bado.
Nilitaka kukishika kidogo.
Kilikuwa baridi, laini, hakina hata alama.