Mpaka Jani Lilie

Mwaka wa kwanza niliuza mchanga.
Sikujua. Nilianika ilende juu ya mwamba
nyuma ya nyumba, hapa Buigiri,
kama alivyoanika mama, na mama yake mama,
na upepo wa Ugogo, usiobisha hodi,
ukaongeza chumvi yake.
Sisi tuliokulia humo hatukuusikia mchanga menoni.
Aliusikia mhasibu mmoja aliyehamia na serikali,
akarudisha pakiti ikiwa nusu:
"Dada, mboga tamu. Lakini inasaga."

Nikanunua neti. Nikachimbia nguzo nne,
urefu wa kiuno changu.
Neti ilikula faida ya miezi mitatu.

Mnaosema biashara ni mtaji, sawa.
Mimi nilianza na sufuria, kinu cha kuazima
na macho makavu.
Wakwe walicheka. Mlenda? Nani anunue mlenda?
Ni sawa na kumuuzia Mgogo upepo.

Mwaka wa pili ndio ulionifunza kunyamaza.
Oda ilitoka Mtumba, kwenye maofisi:
pakiti mia mbili, Ijumaa, pesa taslimu.
Ilikuwa Februari. Sasa sikia shida ya mboga hii:
jani huja na mvua, na mvua hufukuza jua.
Neema ikiingia mlango wa mbele,
mkaushaji wake anatokea wa nyuma.
Jumatano majani yalikuwa bado laini,
yanakunjika kama noti ya zamani.
Shemeji Chilewa akasema yatakaukia humo humo.
Nikataka kumwamini.
Nikatwanga, nikafunga kwa moto wa mshumaa,
plastiki ikinichoma vidole mpaka alfajiri.

Wiki mbili baadaye zilirudi mia na tisini na sita.
(Zile nne sikuziuliza.)
Ukungu wa kijani, harufu ya soksi.
Nilizimwaga shimoni moja moja,
nikihesabu kwa sauti ili nisisahau.

Kikundi kilinidai. Kila Jumapili
Mama Mbeleje alifungua sanduku la funguo tatu,
akaniangalia bila neno,
nami nikaweka elfu mbili, elfu moja,
siku moja nikaweka mia tano na yai.
Aliandika daftarini: na yai.

Tangu hapo sifungi kwa kalenda.
Nachukua jani la chini, lile lililojificha,
nalisogeza sikioni, nalivunja.
Likinyamaza, nalirudisha kwenye neti.
Likilia, ka! kama njiti ya kiberiti,
naita kinu.
Wateja hununa. Wengine huenda kwingine.
Wengine hurudi, hawasemi walikokuwa.

Zipo siku nashinda soko la Majengo
nikauza pakiti mbili,
na moja kanunua jirani wa meza kwa huruma.
Jioni nafuta meza vilevile.

Mwaka wa tano nikapata mizani ya sahani.
Nikaweka juu yake kipimo changu cha kikombe,
nikaona aibu: nilikuwa nawazidishia
gramu saba kila pakiti. Saba, kwa miaka minne!
Nilicheka peke yangu mpaka kuku wakakimbia.
Halafu nikafikiri,
labda hizo saba ndizo zilizokuwa zikiwarudisha.
Nimeziacha.

Jana alikuja Nyemo, binti wa Chilewa,
anataka kukausha zabibu, ana haraka ya miaka ishirini.
"Mama mkubwa, siri ni nini?"
Nikampa jani la asubuhi. Akalivunja.
Halikulia.
Akanikazia macho, akingoja niseme kitu.
Sikuwa nacho.
Wingu lilikuwa linashuka kutoka upande wa Chilonwa.
Tukashika neti, yeye ncha zake, mimi zangu,
tukaiingiza ndani taratibu,
tusimwage.