Pindo

Mwalimu Luhekelo alisema: tafuta blanketi la kijivu,
lililochakaa, la siku zile za vita vya Kagera.
Mimi ndiye mtunza vifaa wa kikundi:
bastola ya mbao, mzani wa duka, kengele, barua tatu.
Nikafungua sanduku la marehemu mama,
naftalini ikanipanda puani,
nikalichukua bila kumwomba mtu.
Njombe, mwezi wa saba,
nani huuliza joto limetoka wapi?

Ukumbi wa kanisa ukajaa makoti na kofia za sufi.
Pumzi za watu zilionekana, kama kila mmoja
amekuja na kibirika chake.
Baba mstari wa pili, kando ya karani wa ushirika,
fimbo katikati ya magoti.

Wiliadi Nyagawa, fundi mageti, ndiye Tajiri.
Tumbo lake ni mto wangu wa kulalia.
Alisema: "Jeshi limeagiza mia nne.
Mimi ninayo mia mbili."
Akanyamaza. Akainua mkasi.
Watu wakacheka, maana mkasi ni wepesi kuelewa.

Ndipo makuli wanne wakasimama kwenye magunia:

*Vita vikilia mbali, dukani pesa hucheka,*
*Bei hupanda mithili ya moshi unaofuka,*
*Mwenye duka hakubali kuwa mkasi kashika,*
*Ati, "Ni baridi kali ndiyo iliyowateka."*

Wiliadi akalitandaza blanketi mbele ya taa.
Nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshika kengele ya onyesho linalofuata.
Nikaona pindo moja: mshono wa kiwanda, mnyoofu, uzi mwekundu.
Nikaona pindo la pili: limekatwa,
kisha limeshonwa kwa mkono, uzi wa bluu,
mishono mirefu inayoegemea kushoto.
Ule mkono naujua.
Ndio ulioshusha sketi zangu za shule kila Januari.

Mama, na wewe?
Au ulipewa tu sindano,
ukaambiwa zimebaki tano, funga nyuzi?

Nimelala chini ya blanketi lile miaka yote ya utoto.
Nikilivuta lifunike miguu, mabega yanabaki nje.
Nikilipandisha mabegani, vidole vinaganda.
Nikadhani ninarefuka.
Nilikuwa najisifu kwa wenzangu:
mimi nakua upesi, hata blanketi limenishindwa.

Kengele ilichelewa. Mwalimu alinikodolea macho.

Nikamchungulia baba kupitia tundu la pazia.
Nisiseme alilia. Hakulia.
Hata mama wa askari alipoingia dukani na barua ya jeshi,
akauliza bei ya mshumaa mmoja,
na karani wa ushirika akapenga kamasi,
baba alikuwa anatazama blanketi,
midomo ikicheza polepole,
kama mtu anayezidisha kwa mbili.

Mwisho alipiga makofi sawa na wengine,
wala si zaidi, wala si pungufu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, barabara ya mawati,
tochi yangu mbele, fimbo yake nyuma.
Nilikuwa na maneno. Niliyapanga tangu getini.
Yeye akatangulia:
"Igizo zuri. Ila ule mkasi ni mdogo.
Blanketi la jeshi ni zito,
huwezi kukata hata matatu na mkasi wa karatasi.
Mwambie mwalimu atafute wa fundi viatu."
Akaingia ndani. Akafunga mlango taratibu,
kama kawaida yake, kuzuia baridi.

Nikakaa jikoni na daftari la vifaa.
Nikaandika: *Mkasi mkubwa. Kesho, saa kumi.*
Chini yake, kwa penseli,
nikaandika ada yangu ya seminari, kidato kwa kidato,
na bati za nyumba hii, na kitanda.
Daftari lina safu mbili tu:
vyetu, na vya kuazima.
Penseli imeishia hapo katikati.

Blanketi liko mapajani.
Nimeligeuza, pindo la bluu juu.
Kesho taa ilione vizuri.